Salme na Wasomaji Wake Wawili

Kitabu cha Salme binti Said, Memoiren einer arabischen Prinzessin, kilichapwa Berlin mwaka 1886. Wengi hukisoma kutafuta habari za ukoo wa baba yake, Sultani Said bin Sultan wa Unguja: nani aliishi kwenye jumba la Bet il Mtoni, nani aligombana na nani. Habari hizo zina thamani, lakini mimi navutwa zaidi na namna mwandishi anavyojenga aya. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867 na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, kisha wakahamia Ujerumani. Tangu hapo kila alichoandika kilibeba nchi mbili. Je, anazipangaje, na anampangia nani?

Kwenye dibaji anasema alianza kuandika kwa ajili ya wanawe, ambao hawakujua mengi kuhusu asili yake. Hata hivyo, sura nyingi zinamkabili Mjerumani mwenye shaka. Salme anaeleza jambo la Unguja, kisha anaigeukia Ulaya na kuipima. Sura ya maisha ya kila siku inapendeza kwa sababu kipimo hicho kinakaa kando kwa muda mrefu. Siku inagawanywa na sala tano, na maelezo nayo yanakwenda kwa mwendo wa sala, bila pupa, kutoka alfajiri hadi isha. Msomaji anaishi saa zile kabla hajaambiwa azifikirieje.

Kwenye sura ya elimu mambo ni tofauti. Watoto wameketi mkekani wakisoma Kurani, na mara tunaletewa lawama dhidi ya shule za Ulaya, hewa yao nzito na masomo yanayowalemea watoto. Lakini mwandishi huyuhuyu anasimulia jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana hawakufundishwa kuandika. Kisa hicho kifupi kinaidhoofisha hoja yake, na ndicho kinachobaki moyoni.

Penye utumwa, mtindo huu wa kulinganisha unaporomoka kabisa. Kwa kuwa mbele yake yuko mshitaki wa Kizungu, Salme anashika nafasi ya wakili, anautetea utumwa wa Waarabu kwa kuulinganisha na ule wa Marekani, na wale waliofanywa watumwa hawapewi nafasi ya kusema. Sikubaliani na wanaoiruka sura hii kwa kumwonea haya. Inatuonyesha ulinganisho unavyoweza kutumika kama kichaka: ubaya wa kule unafanywa kuwa udhuru wa ubaya wa hapa.

Ulinganisho ulio bora katika kitabu hiki hauihusu Ulaya. Salme akiwa mtoto alihama pamoja na mama yake kutoka Bet il Mtoni, nje ya mji, kwenda Bet il Watoro mjini, kwa kaka yake Majid. Umbali ni mdogo sana. Lakini Mtoni kulikuwa na ua mpana wenye tausi, swala, heroe na mbuni, na bahari mbele. Watoro kuta zilimbana na wenzake wa kucheza hawakuwepo. Hapa hamtetei mtu. Mtoto anaona uchungu kwa kukosa nafasi ya kukimbia, na sentensi zinafupika pamoja naye. Kuhama kote kwa baadaye kumekwisha kuwamo humo.

Barua zake kuhusu Ujerumani hazikuchapwa akiwa hai. Alifariki Jena mwaka 1924. Aliziandika kwa rafiki wa Unguja asiyetajwa jina, na hilo peke yake linageuza kila kitu. Unguja haihitaji tena kuelezwa. Sasa Hamburg ndiyo ngeni: baridi, giza, milango inayofungwa mchana, mume anayeshinda kazini ilhali nyumbani hakuna mwingine wa kuzungumza naye Kiswahili. Mwaka 1870 mume alikufa kwa ajali ya tramu, na mjane akahangaika na watoto watatu. Hana haja ya kumshinda msomaji, kwa hiyo anaweza kukiri kwamba anaumia. Yale ambayo Memoiren ingeyageuza kuwa hoja kuhusu ustaarabu, barua inayaacha yawe mlango uliofungwa, na mlango huo unatosha.

Kwa hiyo simwoni Salme kuwa mwandishi mmoja mwenye msimamo mmoja juu ya Mashariki na Magharibi. Mbele ya hakimu anajikaza na kukosea. Mbele ya mtu wa kwao anaona vizuri. Anayeanza kumsoma leo aanze na barua, ndipo aende kwenye Memoiren, na afikapo kwenye sura ya utumwa asiiruke.