Wenye Mikoba ya Presha

Kutoka mashamba ya chai ya Runyenjes hadi kwenye miraa ya Igembe, nchini Kenya, wahamasishaji wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba, kila mmoja na kaya zipatazo 100. Tangu serikali iwagawie mikoba Septemba 2023, wanabeba kipimo cha presha, cha sukari, na simu ya kuandikia wanachokuta.

Presha yenyewe ina adabu zake. Nyanya aliyepanda mlima na mzigo wa kuni hapimwi papo hapo. Huketishwa, mkono ukalazwa mezani usawa wa moyo, dakika tano bila maongezi. Anayetafuna muguka, aina ya miraa, naye husubirishwa, maana hupandisha presha.

Kwenye kifua kikuu ndiko ninakowavulia kofia. Mtu abembelezwe akohoe makohozi ya alfajiri, yatoke kifuani wala si mate. Kisha afuatwe miezi sita ameze vidonge, hata akishajiona mzima. Anaoishi nao sasa wana dawa ya kinga ya mara moja kwa wiki, kwa wiki 12, na kuna mtu wa kuwakumbusha siku hiyo.

Posho ya wahamasishaji hawa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na kuchelewa si ajabu. Mgonjwa akizidiwa usiku, nauli ya bodaboda nayo hutoka humo humo.