Nyasi Zinazongoja Septemba

Mwezi wa Februari, mvua ikiwa imekolea Shinyanga, nyasi za ngitili hufika kiunoni na hakuna ng'ombe hata mmoja ndani yake. Kundi linachungwa ng'ambo, kandokando ya njia na kwenye mashamba yaliyolazwa. Mgeni huona malisho yanapotea bure. Msukuma anaiona Septemba.

Ngitili ni eneo la nyasi na miti linalofungwa mvua zinapoanza, kisha kufunguliwa kiangazi kikishabana na mabua ya mtama na mahindi yamekwisha mashambani. Ziko za kaya, ziko za kijiji. Aghalabu hazina seng'enge. Kinacholinda ni uamuzi wa dagashida, baraza la kimila, na macho ya sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Anayeingiza mifugo kabla ya siku hutozwa faini.

Ufundi hasa uko kwenye kufungua. Ngitili haifunguliwi yote kwa mpigo. Mwenyewe huigawa kwa macho, kutoka mgunga ule hadi kichuguu kile, na kundi halivuki mpaka kipande cha kwanza kiliwe sawasawa. Wanaotangulia ni wale ambao kiangazi huwaangusha mapema: ndama, ng'ombe wagonjwa, wanaonyonyesha, na maksai. Nasisitiza maksai. Kaya ambayo maksai wake wamebaki mifupa mwezi wa Oktoba haiwezi kulima kwa mvua za kwanza, na njaa ya mwaka unaofuata huanzia hapo. Anayewapimia maksai nyasi anapima ugali wa watoto wake.

Miti nayo inafanya kazi. Maganda ya migunga hudondoka wakati huohuo wa ukame, mbuzi wakayaokota. Kuna kuni, dawa, asali, ukwaju.

Maarifa haya nusura yapotee. Vichaka vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, pamba ikatwaa ardhi, na kuhamia vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 kukawatenga wengi na ngitili zao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mradi uliegemea vitalu na miche, mingi ya miti ya kigeni. Baadaye wataalamu waliketi na wafugaji, wakayapa maarifa yao nafasi, na hilo nalihesabu kuwa uungwana mkubwa wa kitaalamu. Chini ya udongo ule uliofanana na jangwa, visiki na mizizi vilikuwa bado hai. Kwato na shoka zikizuiwa kwa misimu kadhaa, mgunga hujichipukia wenyewe. Kisiki kimoja hutoa vichipukizi vingi. Mkono uliozoea huacha vichache vilivyonyooka, vingine ukavipogoa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000.

Hesabu hiyo kubwa imejengwa na maelfu ya siku ambazo kijana mchungaji aligeuza kundi pembeni ya nyasi nzuri, ng'ombe wakivuta kwa nguvu kuzielekea, naye akakaza fimbo.

Kuna miaka Novemba hupita bila wingu. Hapo ndipo kipande ambacho hakijafunguliwa huamua nani atapeleka ng'ombe mnadani kwa bei ya kutupa, na nani ataweza kungoja hadi Desemba akiwa na maksai wanaosimama.