Gereza Lisilo na Mfungwa: Picha za Changuu na Suala la Ushahidi

Mhakiki wa Kiswahili amezoea kushughulikia neno. Picha ameiachia biashara ya utalii na magazeti. Upungufu huo hudhihirika zaidi katika picha za Changuu, kisiwa kidogo kilicho karibu na Mji Mkongwe wa Unguja, ambacho wageni wengi hukijua kwa jina la Kisiwa cha Gereza. Aghalabu picha hizo zina fani moja: mlango mzito, ukuta mkuukuu uliobanduka lipu, kivuli cha nondo sakafuni, na bahari ya buluu nje ya dirisha. Binadamu hayumo. Hadhira inatakiwa imwone yenyewe, kwa jicho la huruma, mfungwa aliyeketi hapo zamani.

Mfungwa huyo hakuwapo. Jengo hilo ni kazi ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa Waziri wa Kwanza katika serikali ya Sultani. Lilikamilika mwaka 1894, lakini halikupata kutumika kama gereza. Kisiwa kikageuzwa karantini: wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza walizuiliwa huko kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari. Kobe wakubwa, ambao siku hizi hupigwa picha pengine kuliko kuta zenyewe, asili yao ni Shelisheli, nao waliletwa mwaka 1919. Yapo pia masimulizi kwamba kabla ya Mathews kisiwa kilitumiwa kuwafungia watumwa waliowakaidi mabwana zao. Masimulizi hayo yana uzito wake, ila yanahusu miaka iliyozitangulia kuta hizi. Picha ya ukuta wa 1894 haiwezi kuyathibitisha.

Hapa Roland Barthes ana msaada. Katika makala yake ya 1964 kuhusu balagha ya picha, alieleza kwamba maandishi huwa nanga ya picha: huizuia maana isielee ovyo. Katika kitabu chake cha 1980 alishikilia kuwa picha hushuhudia kwamba kitu fulani kilikuwapo kweli mbele ya kamera. Ushahidi wa picha za Changuu, kwa maana hiyo ya pili, ni wa kweli, ukuta upo. Nanga ndiyo iliyotiwa pabaya. Neno “gereza” likiisha kuandikwa chini ya picha, dhamira nzima huhama kutoka historia ya afya ya umma kwenda kwenye mateso ya kubuni. Hasara yake si ndogo, kwani historia ya karantini, yaani ya watu waliozuiliwa bila kutenda kosa lolote, ingempa mtazamaji mengi zaidi ya kufikiri.

Kinyume chake ni Mombasa. Ngome ya Yesu ilitumika kama gereza la serikali ya kikoloni tangu 1895 hadi 1958, na wafungwa wake walikuwa watu halisi. Hata hivyo picha zake hupenda mizinga na Wareno. (Neno gereza lenyewe hunasibishwa na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, lugha nayo ina mizaha yake.)

Wachoraji wa Katanga walilitatua tatizo hili kwa njia nyingine. Katika michoro ijulikanayo kama “Colonie Belge”, ua wa gereza hujaa watu: askari, mzungu mkubwa, bendera ya Ubelgiji, na mfungwa aliyelazwa chini akichapwa. Tshibumba Kanda Matulu, ambaye michoro yake 101 ya historia ya Zaire ilichapishwa na Johannes Fabian mwaka 1996, aliisimulia kazi yake kwa Kiswahili cha Shaba. Mchoro hauna haki ya kudai kwamba kitu kilikuwapo mbele ya kamera, lakini mfungwa hausahau. Kwa kipimo cha uhalisia wa kijamii, mchoro huo unaishinda picha ya Changuu.

Suala hili si la visiwa na magereza tu. Huko Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, waliokimbia vita vya M23 walipiga kambi juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Kambi ya hapo iliachwa tupu mara mbili vita vilipokaribia mji: Novemba 2012, na tena Januari 2025. Mahali hapo hapakubaki kuta za kumvutia mpiga picha. Anayepiga picha ya uwanja ule mtupu anapata mawe, na mawe hayo yatapokea neno lolote litakaloandikwa chini yake: kambi, makaburi, hata mandhari nzuri ya volkano.

Kwa hiyo maelezo ya picha hayana budi kuhakikiwa kama sehemu ya kazi ya sanaa, sawa na mhakiki anavyolipima jina la riwaya. Picha za Kanyaruchinya zilizosambaa duniani aghalabu zilifuatana na maelezo ya Kifaransa au Kiingereza, yenye idadi ya wakimbizi na jina la shirika la misaada. Mama aliyesimama mbele ya hema, ambaye huenda alizungumza na mpiga picha kwa Kiswahili, hakuachiwa hata sentensi moja ya kusema alikotoka.