Mboya wa Kaloleni: Historia au Mighani?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, wasikilize wazee wa Kaloleni na Makadara wakimsimulia Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Watasifu ufasaha wake jukwaani na ndege zilizowapeleka vijana Marekani kuanzia 1959. Usishangae wasipoutaja Waraka Nambari 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, aliosaidia kuuandaa akiwa waziri. Mighani huchuja sera, hubakiza shujaa na kifo chake. Fumo Liyongo vilevile hukumbukwa kwa sindano ya shaba na usaliti wa mwanawe. Basi ukiulizwa sifa za shujaa, zitolee mifano. Ila usizigeuze ushahidi wa historia. Kuwaheshimu wazee hakutuondolei wajibu wa kuhakiki.