Conrad kwenye rafu tatu: Heart of Darkness na mji uliofutwa

Wanafunzi wengi wanaomchagua Joseph Conrad kwa kazi yao ya mwisho wa masomo huingia maktabani wakasimama mbele ya rafu moja tu. Katika mpango wa Dewey rafu hiyo ni 823, yaani riwaya za Kiingereza. Hapo hukuta Heart of Darkness, pengine pamoja na tafsiri ya Kifaransa ya André Ruyters iliyotoka mwaka 1925, na vitabu vya wahakiki wanaojibizana. Huyachuma humo maoni, huyapanga, kisha huegemea upande mmoja. Kazi ya namna hiyo si uhakiki. Ni muhtasari wa mabishano ya wengine. Na hasara yake kwa msomaji wa Kongo ni kubwa kuliko ya msomaji wa London, kwa sababu mwisho wa mto unaosimuliwa bila jina katika riwaya hiyo fupi ulichukuliwa kutoka Stanley Falls, yaani Kisangani.

Hata mabishano yenyewe hayasomwi kwa uangalifu. Mhadhara ambao Chinua Achebe aliutoa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwezi Februari 1975, ukachapishwa mwaka 1977, hutajwa mara kwa mara. Ni wachache wanaotambua kwamba kuna matini mbili. Achebe alipokusanya makala zake katika Hopes and Impediments, mwaka 1988, alilibadili neno moja katika hukumu yake juu ya Conrad: tusi liliondoka, shtaka la ubaguzi wa rangi likabaki palepale. Anayenukuu maneno ya 1977 na kuyaandikia mwaka 1988 anamsemesha Achebe jambo ambalo mwenyewe alikwisha kuliacha.

Matini ya Conrad inadai uangalifu uleule. Hadithi ilitoka kwanza katika Blackwood's Magazine, tangu Februari hadi Aprili 1899, ndipo ikaingia kitabuni mwaka 1902. Hati ya mkono, ambayo si kamili, imehifadhiwa katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale. Nauli ya Marekani haihitajiki ili kujua yaliyomo. Matoleo ya kitaaluma, kama lile la Norton au lile la Cambridge la mwaka 2010, yanaonyesha tofauti zake. Katika hati hiyo Kurtz bado anaitwa Klein mahali kadhaa. Georges Antoine Klein alikuwa wakala wa kampuni ya biashara, aliyepakiwa akiwa mgonjwa huko Stanley Falls katika meli Roi des Belges, akafa njiani tarehe 21 Septemba 1890, Conrad akiwa ndani ya meli hiyohiyo. Wahakiki wamelishika jambo hilo mno. Wamekuwa wakimsaka Kurtz wa kweli kama wawindaji wanaofuata nyayo: huyu asema Klein, Norman Sherry akasema Hodister, mwingine akasema Rom. Msako huo una faida ndogo. Lenye uzito zaidi ni kipande ambacho Conrad alikikata, yaani maelezo ya Boma, makao ya serikali, pamoja na hoteli yake na tramu ya mvuke. Katika kitabu kilichochapishwa meli inatia nanga mbele ya makao ya serikali na msimulizi anapita zake. Mji umefutwa.

Je, kufuta huko ni jambo la mara moja, au ndiyo njia ya utunzi wake? Rafu ya 823 haiwezi kujibu peke yake. Inabidi kuhamia 967.51, historia ya Kongo. Hapo ni mahali pa kusoma shajara ya Conrad, iwe maktaba imeiweka huko au la. Ilianza Matadi tarehe 13 Juni 1890 ikaishia tarehe 1 Agosti, kesho yake akafika Kinshasa baada ya safari ya miguu. Hati yake iko Chuo Kikuu cha Harvard. Zdzisław Najder aliichapa upya mwaka 1978. Ndani yake kila kituo kina jina jinsi sikio la mgeni lilivyolipokea. Kuna mito, vilima, na soko kubwa ambapo wasafiri walinunua mayai na kuku. Kuna maiti pia kando ya njia. Katika riwaya maiti wamebaki. Soko halipo, wala jina hata moja la kijiji.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 1924, mwaka wa kifo chake, Conrad alichapisha insha juu ya jiografia na wavumbuzi, iliyoingizwa katika Last Essays mwaka 1926. Humo anakumbuka usiku mmoja karibu na maporomoko ya Stanley Falls, naye anataja waziwazi kambi ya Rashid iliyokuwa karibu, na nguvu ya Waarabu wa Kongo iliyokuwa haijavunjwa. Basi alijua. Kwa miaka 34 alibeba kumbukumbu ya mahali penye serikali mbili zilizotazamana kwa mashaka, lakini katika hadithi yake mwisho wa mto hauna kitu ila mzungu mmoja, msitu, na umati usiosema.

Huyo Rashid ni nani? Rafu ya tatu, ile ya Kiswahili, ndiyo inayojibu, nayo ndiyo isiyofikiriwa kabisa na mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yalisimuliwa kwa Kiswahili na mwenyewe. Heinrich Brode aliyachapa Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903, Whiteley akatoa tafsiri ya Kiingereza miaka ya 1950, na François Bontinck akatoa ya Kifaransa mwaka 1974, yenye maelezo marefu kuliko matini yenyewe. Kwa hiyo kitabu cha Conrad na kitabu cha Tippu Tip vilianza kusomwa mwaka uleule wa 1902. Kwa mapatano ya Zanzibar ya mwaka 1887, Tippu Tip alikuwa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mwaka 1890 aliondoka kurudi pwani, akamwacha jamaa yake Rashid mahali pake. Conrad alifika mwanzoni mwa Septemba mwaka huo. Kiswahili kinachosemwa Kisangani hadi leo, kando ya Kilingala, asili yake ni misafara hiyo.

Wapo watakaopinga kwamba mtunzi wa riwaya si karani wa sensa, na kwamba ukimya wa Conrad ndio unaoipa hadithi nguvu yake ya kutisha. Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande wa mtunzi. Haimwokoi mhakiki. Anayeuchukua utupu huo na kuuita Afrika, iwe kwa kuusifu au kwa kuulaani, bila kuuliza nini kiliondolewa ili utupu upatikane, anafuta mara ya pili.

Wala Tippu Tip asipokewe kama shahidi asiye na doa. Yeye huhesabu pembe kwa frasila. Vijiji vilivyotoa pembe hizo hupita haraka katika masimulizi yake, na vita huelezwa kama daftari la biashara. Msomaji anayetoka kwa Conrad kumkimbilia yeye atakuta ukimya mwingine, safari hii kwa Kiswahili fasaha. Wagenya, waliokuwa wakivua samaki kwenye maporomoko yale kabla ya wageni wote hao, si wasimulizi katika vitabu hivi viwili, na hakuna namba ya rafu inayompeleka mwanafunzi moja kwa moja kwao.