Mhakiki wa Miaka Miwili

Hakuna mhakiki mkali kama mtoto wa miaka miwili. Wewe msomaji ukichoshwa na riwaya utaiweka chini kwa adabu, tena utasema nitaimalizia kesho. Yeye hana hiyo. Hadithi ikimpoteza anageuka, anakwenda kuchezea ndala za mgeni mlangoni, na huwezi kumrudisha kwa kumwambia kwamba mbele kuna mambo matamu. Halafu ikimkamata, anaitaka tena leo, na kesho, na keshokutwa, mpaka wakubwa wote nyumbani wanaikariri bila kupenda. Sasa niambie, ni nani kati yetu tunaojiita waandishi chipukizi amewahi kuandika kitu cha kuulizwa mara 40?

Nilipowaambia wenzangu kijiweni kwamba safari hii nahakiki vipindi vya televisheni vya watoto wadogo, walinicheka. Eti nimemaliza kina Kezilahabi wote, sasa nahamia kwenye katuni. Wacha wacheke. Mimi ni kijana wa kidato cha nne, nina muswada wa riwaya kwenye madaftari matatu, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikiandika kwenye chumba kimoja na mpwa wangu huku kioo kikiwaka. Dada yangu hutoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala ya Kariakoo, anarudi giza limeingia. Majirani wanasema analea mtoto kwa televisheni. Mimi nasema kabla ya kumhukumu mtu, tazameni kwanza hicho kinachotazamwa. Kazi ya uhakiki si ndiyo hiyo?

Tuanze na neno upole. Watu wanadhani kipindi kipole ni kile chenye sauti nyororo na rangi za maua. Si lazima. Upole wa kwanza ni wa mwendo. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Virginia huko Marekani, Angeline Lillard na Jennifer Peterson, walichapisha katika jarida la Pediatrics jaribio walilofanya kwa watoto 60 wa miaka minne. Kundi moja lilitazama katuni ya mbio kwa dakika 9, la pili likatazama katuni ya kielimu yenye mwendo wa taratibu, la tatu likapewa karatasi na rangi lichore. Kwenye ile ya mbio mandhari yalihama kila baada ya sekunde 11 hivi. Kwenye ile ya taratibu, kila baada ya sekunde 34. Kisha wote wakapewa vijikazi vya kukumbuka maagizo, kusubiri na kujizuia. Waliotoka kwenye mbio walifanya vibaya kuliko wachoraji. Jaribio lilipima hali ya pale pale tu baada ya kutazama, kwa hiyo asije mtu akaniambia dakika 9 za katuni zinaharibu mtoto maisha yake yote. Lakini mwandishi yeyote anaelewa sekunde 11 ni nini. Ni ile riwaya ya kipelelezi ambayo kila aya kuna risasi, na ukifika mwisho hukumbuki jina la aliyekufa.

Bwana aliyeuelewa mwendo kuliko wote ni Fred Rogers. Kipindi chake, Mister Rogers' Neighborhood, kilianza kurushwa Marekani nzima mwaka 1968 na kikaendelea mpaka 2001, kikitengenezwa katika mji wa Pittsburgh. Anaingia mlangoni. Anavua koti, anavaa sweta. Anavua viatu vya kazini, anavaa raba. Anaongea na mtoto mmoja tu, yule anayemtazama, siyo na umati. Mwisho anavua sweta, anavaa koti, anaondoka. Hivyo hivyo, kipindi baada ya kipindi, miaka 30 na kitu. Safari moja aliweka saa ya jikoni ili watoto waone dakika moja ina urefu gani, akakaa kimya hadi ikalia. Dakika moja ya kimya kwenye televisheni! Mhariri gani angekubali?

Tena alikuwa na samaki, anawalisha. Msichana mmoja asiyeona alikuwa akipata wasiwasi kwamba labda leo samaki hawajapewa chakula, kwa sababu yeye hawezi kuona wakipewa. Familia yake ikamwandikia Rogers. Tangu hapo akawa anatamka kwa sauti kwamba sasa nawalisha samaki. Nimesoma vitabu vya mbinu za uandishi vinavyoeleza namna ya kumfikiria msomaji wako, sijakuta mfano ulio wazi kuliko huo.

Kuna watakaosema huo ni ubutu, mtu mzima anavua viatu kila siku, hadithi iko wapi? Nawajibu kwa kilicho chetu. Bibi akitaka kusimulia hakuanza na hadithi. Alianza na paukwa, nasi tukajibu pakawa. Sote tulijua neno linalokuja, na utamu ulikuwa humo humo, katika kujua. Ule ulikuwa mlango. Mtoto aliyejibu pakawa ameshavua viatu, ameingia ndani, ametulia. Sweta ya Rogers ni paukwa ya Wamarekani.

Na hapa ndipo penye jambo kubwa la kurudia. Wahariri wetu wanatuchora kwa kalamu nyekundu: umerudia, umerudia. Mwaka 1996 kilianza huko huko Marekani kipindi cha Blue's Clues, cha kijana na mbwa wake wa rangi ya buluu. Waliokianzisha walifanya jambo ambalo wafanyabiashara wa televisheni waliliona kama wazimu: kipindi kile kile kilirushwa siku tano mfululizo, Jumatatu hadi Ijumaa. Kijana anauliza swali, anakaa kimya, anamsubiri mtoto nyumbani ajibu. Watafiti waliowafuatilia watoto hao waliona kwamba kadiri siku zilivyokwenda, watoto hawakuchoka. Walizidi kuelewa, na walizidi kujibu kwa sauti na kunyooshea kioo vidole. Siku ya kwanza mtoto anatafuta njia, siku ya tano anajua kila kona naye anakuwa mwenyeji. Kwa mtoto ambaye siku nzima anaamuliwa na wakubwa, kujua kitakachotokea ni mamlaka yake pekee. Waingereza walichekwa vivyo hivyo mwaka 1997 walipoleta Teletubbies, ambapo filamu fupi ikiisha inarudiwa yote tangu mwanzo. Wazee walilalamika. Watoto walioitaka tena ndio waliokuwa wanajua hadithi inavyoliwa.

Sasa turudi nyumbani, maana nimezunguka sana ughaibuni. Ubongo ni asasi ya papa hapa Dar es Salaam. Ilianza na Ubongo Kids, iliyorushwa kwanza mwaka 2014 kwa watoto wakubwa kidogo, halafu ikatoa Akili and Me kwa wa miaka mitatu hadi sita. Akili ni msichana wa miaka minne, anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila usiku akilala anakwenda Lala Land, na huko akiwa na rafiki zake wanyama anajifunza herufi, namba, kuchora, kutaja hisia zake na kuwa mwema.

Mimi nimekaa na hilo jina Lala Land kwa muda. Mzungu akilisikia anasikia nchi ya ndoto za mchana. Mtoto wetu anasikia neno moja tu: lala. Yaani amri anayoichukia kuliko zote nyumbani, ile inayomtoa kwenye mchezo, mwandishi ameigeuza kuwa tiketi ya safari. Huyo mwandishi ningependa kumpa mkono. Kulala siyo mwisho wa mambo, ni mlango wa kuingilia. Mpwa wangu siku hizi akibebwa kupelekwa kitandani hutaja jina la Akili. Sisemi analala bila kulia. Nasema analia kidogo.

Na siyo hisia zangu tu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Morogoro, ukiongozwa na Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland, ukilinganisha watoto wa madarasa ya awali waliotazama Akili na waliotazama vipindi vingine. Wa Akili waliwapita wenzao katika kuchora, kutambua maumbo na namba, kuhesabu, na hata maneno ya Kiingereza.

Lakini uhakiki usiouma ni salamu. La kwanza, hilo jina lenyewe. Kipindi kimezaliwa Dar es Salaam, kinasema Kiswahili kitamu, kimetafsiriwa hadi Kinyarwanda, halafu mlangoni kimebandikwa Akili and Me. Akili na Mimi imekosa nini? Najua kipindi kinataka kuvuka mipaka, na wazazi wengi wanaona fahari mtoto akisema neno la Kizungu. Hata hivyo jina la hadithi ni neno la kwanza la hadithi. La pili, mwandishi wa Akili ana mengi ya kufundisha, na mara nyingine unamwona ana haraka ya kuyamaliza: wimbo wa herufi unakwisha, wa namba unaingia, mtoto hajapumua. Kile kimya cha Rogers ningekitaka zaidi. La tatu, miaka mitatu hadi sita ni sawa, ila wa miaka miwili anachungulia dirishani kwa wakubwa. Yeye hana haja na herufi. Shida zake ni kuoga, kuvaa, kula uji bila kuumwaga, poti, na mama kuondoka.

Hizo ndizo shida ambazo Daniel Tiger's Neighborhood ya mwaka 2012 inazishika. Ni katuni iliyotoka kwenye ukoo wa Rogers, na kila kipindi kina kijiwimbo cha maneno machache cha kuchukua nyumbani: cha kwenda chooni, cha kukasirika, cha mzazi anayetoka na atakayerudi. Ni hadithi ndogo inayoingia mfukoni. Lakini angalieni walichogundua watafiti wa Texas Tech mwaka 2016: watoto walioitazama walionyesha maendeleo ya kuwahurumia wengine na kujiamini zaidi pale ambapo wazazi wao walikuwa na kawaida ya kuongea nao kuhusu wanachokiona. Kioo peke yake hakikutosha. Na kwa walio chini ya miaka miwili ni zaidi, maana somo lile lile wanalishika vizuri kwa mtu aliyekaa mbele yao kuliko kwa picha yake.

Ndiyo maana ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hauhitaji kubishiwa: chini ya miaka miwili bora kusiwe na kioo, na miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndiyo vizuri zaidi. Kwetu uswahilini televisheni haizimwi, bwana. Inaongea asubuhi mpaka usiku kama mgeni asiyeaga, taarifa ya habari, mpira, muziki, na hapo ndipo pana hasara isiyoonekana, kwa kuwa televisheni inayowaka tu pembeni huwafanya wazazi waongee kidogo na watoto wao. Dada yangu ana saa mbili za kukaa na mwanawe kwa siku. Zikiliwa na tamthilia ya watu wazima, hakuna Akili wa kuzirudisha.

Nimwambie mama nini basi? Nisimwambie azime, kwa sababu mchana hayupo, na binti anayebaki na mtoto ana nguo za kufua. Nimwambie achague kipindi kinachojua kumaliza. Hiki ndicho kipimo changu kikuu, na ni kipimo cha mtu wa riwaya. Rogers anavaa koti, anaondoka. In the Night Garden ya Waingereza, iliyoanza mwaka 2007, inawalaza wahusika wake mmoja mmoja, na ilipangwa jioni ili mtoto afuate. Kwenye simu hiyo sahau. Vile vikatuni vya nyimbo vinafuatana vyenyewe, kimoja kinamshika mwenzake mkia, hakuna kwaheri. Ukimnyang'anya mtoto simu analia kama kaporwa, na kweli kaporwa, maana umemkata katikati. Hapakuwa na mahali pengine pa kumkata. Kipindi chenye mwisho kinakusaidia kazi: kimekwisha, tukaoge.

Nimejaribu kuandika kimoja, cha mtoto wa miaka miwili wa Dar. Kinaanza na beseni la maji uani na sabuni iliyopotea, kinaishia kwenye chandarua kinaposhushwa. Hakuna herufi hata moja. Mpaka sasa nina maneno 61, dada kayasoma usiku akiwa amechoka, akasema bado ni mengi.