Steven Levy na Bei ya Kukaribishwa

Kitabu bora cha Steven Levy ni kile alichokiandika kabla hajawa mtu wa kukaribishwa. Mwaka 1984, akiwa mwandishi wa kujitegemea, alichapisha Hackers: Heroes of the Computer Revolution. Hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Alichokuwa nacho ni ukaidi wa kutafuta: mwaka 1978, akiandikia jarida la New Jersey Monthly, aliufuatilia ubongo wa Albert Einstein hadi Wichita, Kansas, akaukuta ndani ya chupa ofisini kwa daktari aliyeutoa.

Ukaidi huohuo aliupeleka MIT. Hackers kinaanza na wanafunzi wa klabu ya treni za mfano, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakivizia kompyuta usiku kwa sababu mchana zina wenyewe. Kiswahili kinawaita "wadukuzi", neno lililozaliwa na tuhuma, maana kudukua ni kusikiliza ya watu kwa siri. Levy anatuonyesha wajenzi: watu walioamini kwamba taarifa ziwe huru na mtu apimwe kwa kazi yake, si kwa cheti. Anawapenda, wala hafichi. Mapenzi hayo hayakiharibu kitabu, kwa kuwa vijana wale hawakuwa na mamlaka juu ya yeyote.

Kisha nyota yake ikapanda. Mwaka 1995 aliajiriwa Newsweek, mwaka 2008 akahamia Wired. Google walimfungulia milango, akatoa In the Plex mwaka 2011. Facebook: The Inside Story kikafuata mwaka 2020. Hapa ndipo ninapogombana naye. Jicho la huruma lililowafaa wanafunzi wa MIT haliifai kampuni inayojua nilichotafuta jana usiku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hatari ya mwandishi aliyekaribishwa ni kwamba huanza kulima shamba la mwenyeji bila kuambiwa.

Nisimwonee. Katika Facebook amekuwa mkali zaidi, na ukaribu ulimpatia kurasa za daftari la Mark Zuckerberg la mwaka 2006, kitu ambacho mtu wa nje asingekipata. Hata hivyo, nikisoma naona wakubwa wa kampuni wakipewa nafasi ndefu ya kujieleza kuliko watu walioumizwa na maamuzi yao.

Hili linanigusa kwa sababu nami huandika teknolojia kwa malipo ya makala moja moja, hapa Dar es Salaam. Mwaliko wa uzinduzi wa simu huja na chakula, na wakati mwingine bahasha ya "nauli". Hakuna anayekuagiza usifu. Hakuna haja.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mafanikio ya pesa za simu tumesimuliwa vya kutosha. Habari za wakala anayeshinda kibandani, akihofia noti bandia na matapeli, hazina mwaliko wala bahasha. Anayetaka kuziandika haombi kibali kwa mtu, ila nauli atajilipia mwenyewe. Huyo ningemshauri asome Hackers kwanza, kisha Facebook, apime mwenyewe jinsi mwandishi alivyoisogelea meza ya mwenyeji.